Umehesabu magugu kwenye ngano na namba hazieleweki? Anza kutafuta kosa hapa

Mbukwenyi wadau. Naandika hii nikiwa Dodoma, na najua wa kwanza atauliza Dodoma na ngano wapi na wapi, sisi ni watu wa uwele, mtama, alizeti na zabibu bana. Sawa. Ngano mimi naifuata Hanang, napanda basi la kupitia Kondoa natokea Babati, nageuza kwenda Katesh, halafu ndo Basotu, kule kwenye yale mashamba saba makubwa yaliyokuwa ya NAFCO (shirika la umma la kilimo na chakula), yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Nikimaliza kule narudi kwenye mtama wa huku kwetu, na fremu ya kuhesabia magugu ni ileile na makosa ni yaleyale.

Kilichonifanya niandike ni kwamba kila msimu kuna mtu ananitumia eksel yake saa nne usiku, "kaka hizi namba mbona haziingii akilini", na nikianza kufuatilia mara nyingi nakuta gugu la watu halina kosa lolote, kosa liko kwa aliyeshika fremu, kwa hiyo kabla hujalaumu dawa au mbegu au mkulima, jikague wewe kwanza.

Kwa ambaye ndo anaanza: fremu ninayotumia ni ya nondo nyembamba, sm 50 kwa sm 50, yaani robo ya mita ya mraba. Unaiweka chini mara 20 kwa shamba moja huku unatembea kwa mchoro wa W, unahesabu kila mche wa gugu ulio ndani kwa aina yake. Njia hii ilitoka Saskatchewan huko Kanada, A. Gordon Thomas aliiandika mwaka 1985 kwa ajili ya mashamba ya nafaka na mbegu za mafuta, kwa hiyo kwenye ngano ndo iko kwao kabisa. Fremu 20 mara robo mita unapata mita 5 za mraba. Hiyo 5 ikumbuke, huko chini tutaihitaji.

DALILI: watu wawili, shamba moja, majibu mbingu na ardhi

Hii inaongoza. Niliingia shamba moja na kijana mwenzangu, yeye anatangulia mimi nafuata njia ileile, tunatoka upande wa pili yeye ana mara mbili ya kwangu. Tukarudi wote nimwangalie anavyofanya. Kumbe fremu anairusha, na kabla ya kurusha jicho linatazama pale penye majani mengi, mkono nao unafuata jicho. Hakuwa anadanganya, ndo binadamu tulivyo, ukimwambia mtu atafute magugu atatafuta magugu. Wengine wana kosa la kinyume, wanakwepa penye miiba na mbigili kwa sababu itabidi wapige magoti.

Dawa yake ni kuondoa uamuzi mkononi mwa mtu. Mnakubaliana kabla ya kuingia, hatua 20, simama, fremu inalala kwenye ncha ya buti la kulia, iwe imeangukia kwenye kipara au kwenye msitu haikuhusu.

Ukishanyoosha hilo na bado mnatofautiana, angalia mnahesabu nini. Yale majani yenye suke linalong'ang'ania suruali (Setaria verticillata, Hanang utaondoka nayo mpaka kwenye soksi) mche mmoja unaweza kuwa na machipukizi sita, mwenzio kaandika sita wewe umeandika moja. Ingiza vidole mpaka kwenye shina, ukikuta yote yanatoka kwenye mzizi mmoja ni mche mmoja. Lakini sangari na ndago haziendi hivyo kwa sababu chini ya udongo zimeungana kwa mizizi na viazi, huwezi kujua wapi mmoja anaishia, hapo hesabu kila chipukizi lililotokeza juu, na UANDIKE kwenye daftari kwamba hizo ni chipukizi sio miche. Usipoandika, mwakani mtu mwingine atahesabu tofauti na mtasema ndago imepungua.

Na miche iliyokaa kwenye mstari wa fremu, nusu ndani nusu nje? Chagua pande mbili, mfano kushoto na chini, zikigusa hapo zinahesabiwa, zikigusa pande zingine mbili unaziacha. Mkifanya wote hivyo imeisha.

Kuna sababu moja ndogo watu hawapendi kuisikia, njaa. Linganisha fremu za saa tatu asubuhi na za saa tisa mchana za mtu huyohuyo, zile vichipukizi vya jani mbili vyenye ukubwa wa punje ya mchele mchana huwa "havipo". Badilishaneni kuhesabu na kuandika.

DALILI: ulisema shamba safi, wiki mbili baadaye mwenye shamba anakupigia simu

Na anapiga kwa hasira. Uliingia mapema, basi. Trekta imelima, mvua ya kwanza ikaotesha kundi la kwanza, haro ikapita ikalimaliza, ngano ikapandwa, wewe ukafika imeota tu ukaona udongo mweusi mtupu na ngano yako imesimama mistari kama jeshi, ukaandika safi. Mbegu zilizobaki chini hazikuwa na haraka, zilikuwa zinasubiri mvua inayofuata.

Raundi moja haitoshi, fanya mbili. Ya kwanza ngano ikiwa na majani matatu manne, kabla bomba la dawa halijaingia. Ya pili suke likishatoka, kabla kombaini haijafika, hapo ndo utaona nani ametoroka na nani anajiandaa kumwaga mbegu. Huku kwetu Dodoma kuna mtego wa ziada, mvua zetu zinaanza Desemba hivi na mara nyingi zinakatika Februari, ukihesabu kwenye hicho kiangazi kidogo utapata shamba zuri la kupigia picha, Machi mvua ikirudi ni habari nyingine.

Ukitaka kujua kilicholala chini bila kusubiri, chukua udongo wa juu mpaka sm 10 kutoka sehemu kama 20 za shamba, changanya, tandaza kwenye mabeseni yaliyotobolewa chini, mwagilia kila siku. Yanayoota hesabu na ung'oe, baada ya wiki tatu nne koroga udongo uendelee. Hautapata zote maana kuna mbegu zinalala miaka, ila utajua nani yuko njiani. Na weka beseni moja la udongo uliokaangwa kabisa kwenye sufuria, likiota kitu ujue mbegu zinaletwa na upepo au na kuku wa jirani.

DALILI: aina za nyasi ni sifuri, shamba zima linasomeka ngano

Hapa nakaa kidogo kwa sababu wengi wanaona aibu kuuliza. Nyasi changa na ngano changa zinafanana, hata mkulima wa miaka 30 anaweza kupita juu yake. Usiangalie jani kwa mbali. Ng'oa mche, vuta jani taratibu liachane na shina, angalia pale jani linapoungana na ala yake (ile sehemu inayolizunguka shina), hapo pana kitambulisho cha taifa.

Ngano ina visikio viwili vidogo vinavyokumbatia shina, na ukiviinua kwenye jua utaona vinywele. Shayiri nayo ina visikio lakini virefu vinapishana mbele, na havina nywele. Oti pori haina visikio kabisa, ina kiutando cheupe tu kilichosimama. Zile za suke linalonasa hazina visikio na pale kwenye kiutando kuna ukingo wa nywele tu, kama kope. Ukikosa miwani tumia kamera ya simu, zuum mpaka mwisho, inasaidia kuliko lenzi nyingi za mtaani.

Kuna njia ya pili ya oti pori naipenda kwa sababu haihitaji kung'oa. Simama juu ya mche utazame majani yalivyojisokota. Ngano inajisokota kufuata mshale wa saa, oti inakwenda kinyume. Ukikosa uhakika bado, chimba mche na udongo wake usiuvute, mara nyingi ganda la mbegu bado limening'inia kwenye mzizi, punje ya ngano utaijua, ya oti ina ganda jeusi jeusi lenye manyoya. Na kitu chenye shina la pembetatu ukilisugua kati ya vidole hata si nyasi, ni ndago au ndugu zake, ipe safu yake.

App za simu za kutambua mimea? Natumia, ila kwa ua. Ukiipa picha ya nyasi ya majani mawili itakutajia mmea wowote wa Ulaya kwa kujiamini kuliko wewe.

DALILI: dawa imepigwa na magugu yapo palepale

Kabla hujaandika "sugu" kwenye ripoti, panda juu ya kichuguu au juu ya trekta utazame UMBO la magugu yalivyokaa, kwa sababu umbo linasema sababu. Mistari iliyonyooka inayorudi kwa umbali uleule ni nozeli ya kunyunyizia dawa imeziba au dereva ameacha pengo kati ya pasi na pasi. Mkanda mrefu unaofuata njia ya kombaini ni kombaini ndo imesambaza mbegu msimu uliopita. Duara lenye majani mabichi kuliko kwingine, uliza wazee, mara nyingi palikuwa na boma la ng'ombe. Yakijaa pembeni tu futi kadhaa kutoka barabarani hiyo ni kingo, ndo maana kwenye W unaingia ndani kwanza kabla ya fremu ya kwanza, na kingo unazihesabu kivyake kama unazitaka. Usugu wa kweli haufuati mstari wa nozeli, unaanza kama vishada vya aina MOJA vilivyo hai katikati ya majirani zake waliokufa wa aina hiyohiyo.

Halafu uliza ni dawa gani na ilipigwa lini. 2,4-D inaua majani mapana, nyasi inaziacha zinakunywa maji, na shamba la ngano lililopigwa hiyo hiyo miaka na miaka litakupa ripoti inayosema vishona nguo (gugu la majani mapana) vimeisha na nyasi zimetawala. Hapo namba ziko sahihi kabisa, usizirekebishe, ndo ujumbe wenyewe. Gugu linaloitwa kongwe (Commelina benghalensis) naye ana kesi yake, glaifoseti ya kawaida inamtikisa tu, ukimkata kwa jembe kila kipande kinatoa mizizi, na kama haitoshi anatoa maua mengine chini ya udongo na mbegu anatengeneza hukohuko. Yule ukimkuta amesalia peke yake usishangae.

DALILI: wastani ni mkubwa lakini mkulima anabisha

Mkulima anaweza kuwa sahihi. Twende na mfano. Ndago umezikuta kwenye fremu 2 tu kati ya 20 lakini humo zimejaa, jumla 240. Gawa kwa ile 5, unapata 48 kwa mita ya mraba. Vishona nguo viko kwenye fremu 18, jumla 60, gawa kwa 5 ni 12. Ukitoa ripoti ya wastani peke yake ndago ni adui namba moja mara nne zaidi, wakati zimekaa kwenye kona mbili za shamba na jamaa anaweza kuzishughulikia kwa bomba la mgongoni asubuhi moja, na vishona nguo vimetapakaa asilimia 90 ya fremu. Kwa hiyo toa vyote viwili, wingi na mtawanyiko, na ukiwa na mashamba mengi ongeza cha tatu, gugu hilo limeonekana kwenye mashamba mangapi kati ya uliyotembelea.

Kosa la ndani ya hilo ni seli tupu. Mashamba 10, gugu lipo mawili tu, moja 30 lingine 50 kwa mita. Ukiacha mengine manane wazi eksel itakupa wastani 40, ukiandika sifuri itakupa 8. Zote mbili zina maana yake, moja ni "likiwepo linakuwa jingi kiasi gani" na nyingine ni "eneo zima likoje", lakini lazima ujue umetoa ipi. Na sifuri maana yake nimeangalia halipo, seli tupu maana yake sikuangalia. Naona watu wanazichanganya mpaka kwenye ripoti zilizopigwa mhuri.

DALILI: baada ya palizi limebaki gugu moja tu, na limenawiri

Hii ni ya huku kwetu zaidi, kwenye ngano ya trekta hutaikuta. Niliingia shamba la mtama Chamwino siku chache baada ya palizi ya kwanza, pamepaliliwa vizuri kweli, ila mimea ya mlenda imesimama kila mahali, na mingine imepaliliwa kwa kuzungushwa, udongo umetifuliwa pembeni yake! Nikaanza kuandika, moja mbili tatu, namba inapanda. Mama mwenye shamba kanitazama we, akacheka.

"Mwanangu, unaandika nini hapo?"

"Magugu, mama."

"Hilo gugu ndo utakula na ugali mchana hapa hapa."

Na nililila. Sasa ukiipeleka hiyo data mjini bila maelezo, mtu ofisini atasema mlenda ni sugu kwa jembe. Tangu siku hiyo fomu yangu ina safu ya ziada, LIMEACHWA, na naweka humo mlenda, mgagani, mchicha pori, mchunga, chochote ambacho mwenye shamba anasema ni mboga. Uliza kabla ya kuhesabu, na muulize mama, baba atakuambia yote ni magugu.

DALILI: orodha ina aina 40 lakini macho yako yameona kama 25

Majina. Kutoka Dodoma mpaka Basotu unapita kwa Wagogo, Warangi, unafika kwa Wairaqw na Wabarabaig, na ukizungukia Singida unaongeza Wanyaturu, kila mmoja ana jina lake, na karani aliyeandika alivyosikia ameongeza la kwake. Kinyume chake kipo pia, mbigili watu wanaita mimea miwili, mmoja una vijani vidogo vimepangana mbili mbili na ua la njano, mwingine jani lina mapengo mapengo na kiua cheupe kidogo, vyote vinachoma mguu vilevile. Jina la mtaani andika, ni mali, ila kando yake weka namba ya sampuli uliyoikausha.

Sampuli iwe na ua au mbegu, na mzizi kama ni nyasi. Ndani ya gazeti, gazeti ndani ya maboksi yaliyokatwa, mkanda ukaze, na gazeti UBADILISHE kila siku siku za mwanzo, ukungu unaotokea sio bahati mbaya ni uvivu. Kongwe na mimea mingine minene inakataa kufa, mmoja niliufungua baada ya wiki nikakuta umetoa chipukizi jipya limepinda kutafuta mwanga kwenye kurasa za michezo. Ile itumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde chache ndo uibane. Usiyoijua peleka Arusha, hebaria ya taifa iko kule, watakupa jina.

DALILI: mtama umedumaa, majani ya njano, fremu zote zinasema shamba safi

Kiduha. Ukikiona juu ya ardhi kimeshakula wiki kadhaa, kwa sababu kinaanzia chini, kimejishika kwenye mzizi wa mtama kinanyonya. Kuhesabu mapema hakutakupa kitu, rudi mtama ukianza kutoa suke, hapo huku utakutana zaidi na kile kifupi cha maua mekundu, kile kirefu cha maua ya pinki kimezoeleka zaidi kanda ya ziwa. Kama huna muda wa kurudi, chimba mche mmoja uliodumaa na udongo wake, weka kwenye ndoo ya maji uache udongo udondoke wenyewe, halafu tazama mizizi, utaona vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania.

Ukimaliza shamba hilo piga buti kwa brashi hapohapo kabla hujapanda pikipiki. Mbegu zake ni vumbi tupu, mche mmoja unatoa maelfu kwa maelfu na zinakaa udongoni zaidi ya miaka kumi, na tope la buti ndo usafiri wake. Buti zangu za mtama hazijawahi kufika Hanang, nikisafiri naziacha nje mlangoni na mke wangu hazigusi.